Kumnyamazisha Chiriku

Vumbi likishaoshwa huenda wapi? Hilo ndilo swali alilolala nalo na kuamka nalo Mize, mwanamke mwosha magari wa Langoni, na kila alipomuuliza mtu alijibiwa kwamba huenda na maji. Maji nayo huenda wapi? Huenda na mfereji. Na mfereji? Hapo kila mtu alikuna kichwa na kukumbuka kazi aliyoiacha mahali. Hata msimamizi wao, Bwana Makwaya, mtu wa maneno mengi na tai nyembamba, alipoulizwa alisema kwamba yako maswali yasiyokuwa na faida kwa anayeyauliza. Mize akaendelea kusugua.

Lango lilisimama katikati ya nchi mbili, au tuseme katikati ya nchi moja iliyopasuliwa na jivu. Juu ilikuwa Nchi ya Taa. Chini ilikuwa Nchi ya Jivu, ambayo zamani ilikuwa na jina jingine, jina zuri la mto na mashamba, ila jina hilo lilikatazwa kutamkwa kwenye redio na watu wakaanza kulisahau. Huko chini ndiko lilikojengwa Tanuri. Tanuri lilipika mwanga, mwanga ukapandishwa juu kwa nyaya nene zilizopita juu ya mapaa ya watu wa chini, na watu wa chini wakaendelea kusoma kwa kibatari. Walipouliza waliambiwa subira yavuta heri. Wakasubiri. Walichovuta ni jivu, maana Tanuri lilipasuka, na siku ya kugawana hasara wenye mwanga hawakuonekana. Mwanga ulikuwa wa wale na jivu likawa la hawa, na hakuna aliyeona haya kuuita mgawo huo bahati mbaya.

Jivu lenyewe halikuwa la kuni. Halikuwa na harufu wala joto, na likitua kwenye jani hulioni, lakini ndani yake mlikuwa na miale inayopenya nguo, ikapenya nyama, ikafanya makao mifupani. Watu walikusanywa, wakapakiwa malorini, wakamwagwa kwenye mahema nyuma ya Lango, upande ule ule ambako mfereji huelekea. Waliambiwa ni kwa muda tu. Muda wenyewe hakuna aliyeuona ukipita, kwa kuwa tangu siku ya jivu kalenda ziliacha kushika: vuli ilinyesha, ikaja vuli nyingine bila kiangazi katikati, watoto walizaliwa na nyuso za babu zao, na Mize mwenyewe, akiulizwa umri wake, alitazama kwanza mikono yake aone leo imeamka na miaka mingapi.

Watu walikatazwa kurudi kwao, hata kwenda kufyeka makaburi ya wazee wao. Magari hayakukatazwa. Yalishuka matupu na kupanda yamejaa: shaba iliyong'olewa ardhini, mabati ya shule, vitanda vya zahanati, na kila kitu kilikuwa na mwenyewe huko juu, mtu ambaye jina lake halikutajwa bali liliogopwa. Siku moja Mize aliuona mlango wa nyumba ya mama yake umelazwa juu ya lori. Aliutambua kwa ndege aliyemchora yeye mwenyewe kwa kisu alipokuwa mdogo, ndege mwenye miguu mirefu kuliko mwili. Akaambiwa ausugue kama vitu vingine. Akausugua kwa brashi ya waya mpaka ndege akatoka, kisha mlango ukapita kwenda kufungua nyumba ya mtu mwingine.

Kazi ya kuosha ina adabu yake. Gari huoshwa kutoka juu kwenda chini, upepo ukiwa mgongoni kwako, la sivyo vumbi hulihama bati likakuhamia wewe. Husuguliwa paa, vioo, chini ya waipa na kwenye raba za milango, ambamo jivu hupenda kujibanza; halafu madigadi na matope yake, halafu rejeta. Filta ya hewa haioshwi. Hung'olewa na kutupwa shimoni, kwa sababu gari nalo huvuta pumzi kama sisi, na yote liliyoyavuta njiani huwa yamelala humo. Gari la bodi ya mbao halitakati hata ulisugue mpaka lilie, ndiyo maana magari ya wachuuzi yalizuiwa na kuachwa yaozee uwanjani, na magari ya wakubwa, yenye mabati laini kama mayai, yakapita. Hata jivu, ukilitazama vizuri, linajua cheo cha mtu. Mize alikuwa akilisema hilo kwa sauti kila alipoliona gari la mchuuzi likisukumwa uwanjani, na Bwana Makwaya alikuwa akijifanya hasikii.

Baada ya kuosha huja kupima. Kipimo chao kilikuwa kisanduku cha chuma chenye mkono wa kushikia na mdomo mrefu, kikikaribia jivu hulia, tika tika tika, na jivu likizidi hupayuka bila kupumua. Waoshaji walikiita Chiriku, kwa jinsi kisivyojua kuweka siri, na aliyekishika alikuwa Mize. Chiriku akilimaliza gari zima bila kulia, mwoshaji huchovya kiganja kwenye kopo la rangi ya kijani na kukibandika kwenye boneti, na gari lenye kiganja hufunguliwa kizuizi popote nchini. Hapakuwa na muhuri wala karatasi. Ngozi ya mwoshaji ndiyo iliyoapa kwamba gari ni safi.

Lakini Chiriku alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi akiwashwa aliamka akilia hovyo kabla hajaonyeshwa gari lolote. Bwana Makwaya aliwafundisha tangu mwanzo kwamba huo ni mnong'ono wa dunia, kwamba kila mahali pana miale kidogo itokayo kwenye mawe na angani, na kwamba kipimo lazima kwanza kiuzoee mnong'ono huo kisije kikalisingizia gari. Basi kila asubuhi Mize alimlaza Chiriku kwenye sakafu ya kuoshea, akabonyeza kitufe chekundu na kukishikilia. Chiriku aliisikiliza sakafu, akaizoea, akatulia. Huko ndiko kumnyamazisha. Kuanzia hapo alilia tu akikutana na kitu kinachoizidi sakafu. Siku za mwanzo alinyamaza upesi. Siku hizi alichelewa, akalalama kwanza kama mtoto anayekatazwa kitu bila kuambiwa sababu, ndipo akanyamaza, na Mize alidhani kifaa kimezeeka. Nani hakuzeeka pale?

Wote walivaa ovaroli nyeupe na barakoa, hata ikawa vigumu kumjua nani ni nani. Majina yaliandikwa mgongoni kwa wino, maji yakayafuta, yakaandikwa mengine juu yake. Mwenzake wa zamu aliitwa Shekue, mwanamume mwenye midomo ya mzaha, mtani wake wa asili. Jioni moja Mize alirudi hemani na jina la Shekue mgongoni, na mama yake akamwandalia chakula akimwita Shekue, akamuuliza habari za wake zake, na Mize akajibu kwamba hawajambo. Alikula akashiba. Usiku alijiuliza, kama jina linaoshwa na maji ya mpira, kinachobaki ndani ya ovaroli ni nini, na kama hicho kinachobaki kinajua kilikotoka. Akalala akiwa Shekue, akaamka Mize.

Ndipo redio ikatangaza kwamba Mkuu wa nchi ameteremka mwenyewe Nchi ya Jivu. Kwamba amekunywa maji ya kisima na kula papai la shambani, na kusema hajapata kula papai tamu kama lile. Kwamba akirudi gari lake litapimwa Langoni mbele ya watu wote, bila kuoshwa hata tone moja, na likikutwa safi basi nchi nayo ni safi, na wenyewe watarudi kwao siku hiyo hiyo. Mahema yalikuwa yanawakera wageni wanaopita barabarani. Hilo redio haikulisema, ila kila mtu alilijua.

Malori yalipangwa kabla Mkuu hajarudi. Tazama haraka hiyo! Jibu lilikuwa halijapatikana na injini zilikwisha kuwashwa. Watu walipanda na vyungu vyao na kuku wao, wakiimba. Bi Mwanatenga, mamake Mize, alikuwa wa kwanza kwenye lori la mbele, amekaa juu ya gunia lake kama bibi harusi asiyetaka kushuka. Mize alimfuata akamsihi asubiri kidogo. Mama akamcheka.

"Nisubiri nini? Nimezaa, nimelea, nimezika. Kilichobaki ni kwenda kulala kwetu. Mkataa kwao mtumwa, mwanangu."

"Na kama jivu bado lipo, mama?"

"Si wewe unayepima? Mimi simwamini Mkuu na mapapai yake. Namwamini mwanangu. Nikikiona kiganja chako kwenye lile gari, nitajua nyumba yangu inaningoja."

Mize alirudi kwenye sakafu ya kuoshea akiuhisi uzito wa mkono wake wa kulia, kana kwamba mama na watu wa malori yote wameketi juu ya kile kiganja. Akiweka, watakwenda. Asipoweka, hawaendi. Alijiambia kwamba si yeye atakayeamua, atakayeamua ni Chiriku, na hilo likampa nafuu kidogo.

Gari la Mkuu lilikuja adhuhuri, refu na jeusi, vioo vyake vya ubavuni vimefungwa, vyeusi kama bati lake, vumbi la njia limelikaa mpaka juu ya paa. Lilisimama katikati ya sakafu. Hakuna aliyeshuka. Bwana Makwaya aliinama mbele ya kioo cha nyuma mpaka tai yake ikagusa magoti, kisha akamwashiria Mize aanze.

Mize alianza juu, kama ilivyo adabu. Akampitisha Chiriku kwenye paa. Kimya. Kwenye vioo, kimya. Alitoa jasho, kwa maana tangu aanze kazi hajawahi kuona gari lililotoka kule likanyamaza kabla ya kuoshwa. Akamwingiza chini ya waipa, akamwingiza kwenye raba za milango, akalala chali kwenye majimaji ya sakafu na kumwinua mpaka kwenye matope ya madigadi. Chiriku alipiga tika moja, kama mtu anayetaka kusema neno akakumbuka mahali alipo, akanyamaza. Kule malorini vigelegele vilianza. Mize alijikuta analia ndani ya barakoa. Alifurahi, na kwa nini asifurahi? Aliiona nyumba, aliuona mto, hata ndege wa mlangoni alimwona, akasahau kwamba yeye ndiye aliyemfuta.

Shekue alifungua kopo la rangi. Ilibaki boneti, maana kiganja hakiwekwi mahali ambapo Chiriku hajapita. Na Chiriku, mdomo wake ukiwa umeelekezwa bonetini, akafa. Betri zilikuwa zimekwisha. Shekue alicheka, akamwambia Mize kwamba hata ndege amezimia kwa kumwona Mkuu, akaenda kuzing'oa betri za redio ya mlinzi, redio ikakatikia katikati ya papai. Walizitia. Mize akamwasha Chiriku, na Chiriku akaamka akipayuka.

Mize alidhani ni boneti. Akarudi nyuma hatua chache ili Chiriku apumzike. Chiriku alizidi. Akarudi tena, mbali zaidi na gari, na kelele zikazidi tena. Vigelegele vilipungua, vikaisha. Akamshusha kuelekea sakafu, ile sakafu aliyomlaza juu yake kila asubuhi, na pale Chiriku hakupiga tena tika, alitoa mlio mmoja mrefu usio na pumzi. Akampeleka kwenye buti zake. Mlio. Kwenye aproni. Mlio. Shekue aliacha kucheka. Polepole, kama mtu anayefunua uso wa maiti kuona kama ni wa kwao, Mize alikigeuza kiganja chake cha kulia na kumsogeza Chiriku. Kililia kuliko aproni. Kisha akamrudisha kwenye gari la Mkuu. Gari nalo lilikuwa linalia, na kulia sana, ila kilio chake hakikukifikia cha kiganja.

Basi akaelewa. Gari lilikuwa chafu na nchi lilikotoka ilikuwa chafu, lakini Chiriku alizoeshwa kwanza uchafu wa pale walipokuwa wamesimama, uchafu ulioangushwa pale na kila gari lililopata kuoshwa, na akiupima uchafu wa mwingine kwa uchafu wao hakuona neno. Kadiri walivyosugua ndivyo sakafu ilivyozidi kubeba, na kadiri sakafu ilivyobeba ndivyo magari yalivyozidi kuwa safi.

Bwana Makwaya alikuwa amefika ubavuni kwake bila yeye kumsikia. Hakuonyesha kushangaa hata chembe. Alisema kwa upole, kama anavyosema kila asubuhi, "Umebadilisha betri, amesahau. Mlaze chini umnyamazishe."

Kidole cha Mize kilikwenda kwenye kitufe chekundu chenyewe, kwa mazoea. Kikasimama.

Mnyamazishe. Nani. Chiriku au mimi. Mimi ni nani. Mimi ni sakafu. Ninalala chini, magari yanasimama juu yangu, kila linaloondoka linaondoka jepesi. Mimi ni mfereji unaokwenda kwenye mahema. Mimi ni yale maji. Nimeuliza vumbi huenda wapi na vumbi linanisikiliza kutoka ndani ya mfupa wangu na linacheka. Safi maana yake nini? Safi ni mtu aliyempata wa kumwachia uchafu wake. Safi ni jina la cheo. Na mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza. Kila asubuhi kwa mkono wangu niliiambia dunia: mimi si kitu, anzeni kuhesabu baada yangu. Mama yuko juu ya gunia. Mama anakiangalia kiganja. Mama, usikiangalie.

Mize aliivua barakoa. Watu waliomjua miaka yote hawakuwa wamewahi kuuona uso wake mahali pale, na Bwana Makwaya alisogea kando kidogo.

"Ulijua," Mize alisema.

"Nilijua nini, dada yangu? Kila kipimo lazima kianzie mahali."

"Kwa nini kisianzie nyumbani kwako?"

Bwana Makwaya alitazama juu ya kilima, kwenye nyumba yake yenye bustani, kisha akatazama gari lenye vioo vyeusi, akateremsha sauti. Hakutukana wala hakutisha. Alikuwa anaeleza tu, na hilo ndilo lililomuunguza Mize kuliko tusi.

"Tukimnyamazisha kule juu, hakuna gari hata moja litakalopita hapa. Shaba itapandaje? Nchi itakula nini?"

"Na sisi?"

"Ninyi mna ovaroli," alisema Bwana Makwaya.

Angekuwa na haya angeinamisha macho. Hakuinamisha. Walijua wote: aliyechora mfereji alijua unakoelekea, aliyepanga mahema alijua yamepangwa wapi, na aliyewapa ovaroli zile za kitambaa cha mashuka alijua zinazuia nini na hazizuii nini. Mtu huweza kumsamehe mjinga aliyemchoma kwa kutojua kuwa moto unaunguza. Huyu aliushika moto kwa koleo akaupeleka kwenye mwili wa mwenziwe, na koleo analo bado mkononi, na anauliza nchi itakula nini. Mize aliona hasira imempanda mpaka meno yakamuuma. Hakubonyeza kitufe. Alimwinua Chiriku juu ya kichwa chake, akamgeuza kuelekea malori, watu wakaisikia sauti.

Bwana Makwaya alimwamuru Shekue aweke kiganja. Shekue, aliyekuwa hajawahi kukosa neno la kuchekesha, alisema tu, "Mikono yangu inauma, mkubwa," akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameikalia. Waoshaji wengine walianza kujishughulisha na mipira ya maji isiyokuwa na maji. Basi msimamizi mwenyewe alilichukua kopo. Alifika mbele ya boneti, akakunja mkono wa shati, akauangalia ule mkono wake laini, akaliangalia vumbi. Akasita. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa glavu, akaivaa. Akatoa nyingine, akaivaa juu ya ile ya kwanza.

Watu wa malori walikuwa wanatazama. Kuna mambo yasiyohitaji kipimo ili yajulikane.

Bi Mwanatenga alishuka. Alishuka kinyumenyume, taratibu, akikataa kushikwa, akaja mpaka sakafuni na kanga yake ya kusafiria. Mize alimkimbilia amzuie asikanyage pale.

"Mama, kwetu kuna jivu. Na hapa pia, kwenye mahema pia. Tumelala juu yake."

"Nimesikia. Masikio yangu hayajazeeka." Akaushika mkono wa mwanawe, ule wa kulia, akaushika hasa, akaufunga ndani ya viganja vyake viwili. Mize alitaka kuunyakua, mama akakaza. Kisha mama akauachia, akaenda kwenye mlango wa nyuma wa gari la Mkuu, akagonga kioo kwa kiungo cha kidole.

Sasa ieleweke desturi ya watu hawa wa chini. Kwao mdogo ndiye humwanza mkubwa kwa salamu, awe nani, awe na nini. Mfalme akikutana njiani na ajuza anayeokota kuni hutoa shikamoo, mkono kwa mkono, na ajuza humwitikia, ndipo kila mmoja aende zake. Mkubwa akisimama mbele yako usimpe salamu, umemwambia kwamba kwako yeye amekwisha kufa. Na Mkuu, ambaye picha yake ilikuwa kwenye kila ukuta, alikuwa sawa kwa umri na kitindamimba wa Bi Mwanatenga, tena redio ilikuwa imesema yeye ni mtoto wa watu wa chini, ameteremka kwa wazazi wake, amekula papai lao.

Basi mama alisimama kwenye kioo akingoja shikamoo yake. Aliuweka mkono tayari, kiganja chini, kama uwekwavyo kwa kijana anayekuja kuushika. Ilihitaji kioo kishushwe kidogo tu, upana wa mkono. Ndani ya gari mtambo wa hewa baridi ulikuwa unavuma. Kupitia kioo cha mbele, dereva alionekana amevaa barakoa ya mpira yenye mapipa mawili mdomoni, si ya kitambaa kama zao. Chiriku alikuwa analia mikononi mwa Mize na hakuna aliyemwambia anyamaze. Bwana Makwaya alisimama na glavu zake mbili, rangi ya kijani inamdondokea kwenye viatu.

Kioo hakikushuka.

Mama alingoja kadiri mtu mzima anavyomngojea mtoto mwenye haya. Hakukasirika kwa sura. Alichokiona kwenye kioo kile cheusi ni uso wake mwenyewe, na nyuma ya uso wake malori, na watu wamesimama ndani ya malori bila kuimba. Mwishowe akaurudisha mkono wake kifuani.

"Marahaba, baba," alikiambia kile kioo.

Gari la Mkuu liliunguruma. Liliondoka bila kuoshwa na bila kiganja, likapita chini ya kizuizi ambacho mlinzi alikiinua kwa kiherehere, likaanza kuupanda mlima kuelekea kwenye taa, na vumbi la Nchi ya Jivu likawa linaanguka kutoka kwenye paa lake, kidogo kidogo, juu ya barabara yao nzuri ya lami. Mlinzi alisahau kukishusha kizuizi.

Bi Mwanatenga alirudi kwenye lori la mbele. Hakupanda nyuma kwenye gunia. Aliufungua mlango wa mbele, akaketi kando ya dereva, kijana aliyeambiwa asubuhi awapeleke watu chini na ambaye naye hakuna aliyempima, akamwashiria Mize aje akae naye, pamoja na Chiriku wake anayepiga kelele.

"Geuza gari, mwanangu," alimwambia dereva. "Anakokimbilia yule ndiko tunakokwenda."